Machela Imekwenda Nyantakara

Kuna watu wa Ntobeye waliookoka kwa sababu walimpenda Yesu, na kuna waliookoka kwa sababu walimwogopa Priscila. Hawa wa pili ni wengi zaidi, na ndio wanaowahi ibada.

Priscila ni mwanamke mfupi, mnene wa mikono, mwenye sauti ambayo ng'ombe akiisikia husimama kungoja amri. Zamani alikuwa mpika rubisi, pombe ya ndizi, na sifa za rubisi yake zilivuka vilima. Mumewe, Alfonce, ndiye aliyekuwa mteja wake mkubwa na mlipaji mbovu kuliko wote, mpaka ini lake likakata shauri. Baada ya matanga Priscila aliendelea kupika, akamlea mwanawe Kwizera, akagombana na walevi kwa zamu. Kisha siku moja akapeleka ndizi Ngara mjini, akakuta pale stendi mkutano wa Injili, maspika yakishindana na honi za mabasi. Mhubiri akanyoosha kidole kwenye umati, akasema yumo humu mwanamke anayewanywesha watu mauti. Umati ule ulikuwa na wapika pombe tele. Wenzake wakatazama pembeni kana kwamba wanatafuta nzi. Priscila akaona kidole kimemchoma yeye. Akaokoka papo hapo, mkungu ukiwa bado kichwani.

Jioni alirudi nyumbani akaumwaga shambani mtumbwi mzima wa rubisi, lile gogo lililochongwa la kukamulia ndizi. Migomba iliyonyweshwa siku ile ilizaa kuliko yote msimu uliofuata, ila hilo halimo kwenye ushuhuda wake.

Wokovu ulimbadilisha mambo mengi, hasira haikuwamo. Ile ile aliyokuwa akiwamwagia walevi akaihamishia kwa shetani, na siku ambazo shetani hakupatikana, kwa majirani. Kanisa lao dogo la bati likaona kipaji, likampa Idara ya Uinjilisti na Huduma. Basi akawa anapita nyumba kwa nyumba, ndoo mkono mmoja, fagio mkono mwingine.

“Bwana asifiwe! Uwanja gani huu? Yesu akirudi leo atakanyaga wapi?”

Hapo mwenye nyumba ajue kwamba uwanja utafagiliwa, maji yatachotwa, blanketi la mgonjwa litafuliwa, uji utakorogwa, na yeye mwenyewe atatukanwa kwa jina la Bwana tangu mwanzo wa kazi hadi mwisho. Wazee wa Kikatoliki, watu wenye rozari shingoni na kibuyu cha rubisi chini ya kitanda, walimkubali hivyo hivyo. Mmoja wao aliwahi kusema kwamba padre humjia mara moja kwa mwaka na kumwita mwanangu, ilhali Priscila huja kila wiki na kumwita mchafu. Akipewa achague, atachagua anayeleta maji.

Mambo yangekwenda hivyo mpaka leo kama asingekuja Mwinjilisti Rogasian.

Rogasian alikuwa kijana wa suti. Suti hiyo aliivaa jua likiwaka na mvua ikinyesha, na alikuwa na simu nzuri ambayo kazi yake kuu ilikuwa kumpiga picha yeye. Alikuja na neno lake analolipenda, “upendo kwa vitendo”, na kila alipolitamka alitazama kama kuna mtu anarekodi. Huyu ndiye aliyegundua kwamba kanisa lina dhambi ambayo hakuna aliyewahi kuiona, na dhambi hiyo ni ingobyi.

Ingobyi ni kitanda cha kubebea wagonjwa, kimesukwa kwa matete na kufungwa kwenye miti miwili mirefu. Hubebwa mabegani. Vilima vya huku si vya mchezo. Zipo njia ambazo hata mbuzi huzishuka kwa kukalia makalio. Kwa hiyo tangu enzi za mababu kila kitongoji kina chama chake: kila nyumba hutoa bega moja la mwanamume, yowe likipigwa watu huacha majembe, na mgonjwa husafiri kama mfalme mpaka panapofika gari. Baadaye nyumba iliyobebewa mtu huwapikia wabebaji rubisi, wanakaa, wanacheka, wanamsengenya mgonjwa aliyekuwa mzito. Sheria ni moja tu, na hata watoto wanaijua: asiyebeba habebwi.

Rogasian akasimama madhabahuni akauliza, inakuwaje mtu aliyeoshwa dhambi kuweka bega lake kwenye mti mmoja na mlevi? Nira hiyo ni ya nani? Na ile pombe ya baadaye, ni meza ya nani? Kusema kweli hakuna aliyewahi kuliwaza swali la kipumbavu kiasi kile. Priscila, ambaye jina la rubisi lilimtia kichefuchefu cha aliyeachana na mume mbaya, akawa wa kwanza kunyoosha mkono. Yeye ndiye aliyewapanga wanaume saba waliookoka mbele ya madhabahu, akawaapisha mmoja mmoja kwamba hawatabeba tena ingobyi. Shemasi Fabiani aliposita, Priscila alimwangalia kwa jicho la kusimamisha ng'ombe kama sauti yake, naye akaapa.

“Lakini tukiugua?” Fabiani aliuliza kwa sauti ya chini.

“Bwana ametuandalia,” akasema Rogasian, na kweli mwezi uliofuata Bwana, kupitia marafiki wa Rogasian walioko mbali, akaleta machela. Ya chuma, inang'aa, ina mikanda, ina magurudumu manne madogo kama ya gari la mtoto. Waliisukuma kuzunguka kanisa wakiimba. Nje ya kanisa, kwenye mteremko wa kwanza, ilimponyoka shemasi ikakimbia peke yake hadi kwenye mahindi ya watu. Ikarudishwa, ikapanguswa, ikafunikwa shuka jeupe. Tangu hapo haikubeba mtu. Ilikuwa ya kuonyeshwa wageni.

Sasa tufike siku yenyewe.

Kanisa lilikuwa limeondoka siku moja kabla, fuso zima, kwenda Nyantakara kule Biharamulo kuwafikia wafugaji na wakulima wa Kisukuma waliohamia huko. Walibeba ngoma, maspika, bango lenye picha ya Rogasian, na machela kwa ajili ya upendo kwa vitendo. Priscila hakwenda. Mkamwana wake, Zita, alikuwa na mimba pevu, na mumewe Kwizera alikuwa kibaruani machimboni Kahama. Asubuhi hiyo uchungu ukamshika Zita, na haukuwa uchungu wa kawaida.

Priscila alimwita jirani yake Rozina, aliyezalisha nusu ya kitongoji kabla serikali haijawaambia wakunga wa nyumbani waache. Rozina aliweka mikono tumboni mara moja tu, akaiondoa kama aliyegusa sufuria ya moto.

“Huyu si wa kuzalia hapa. Mtoto amelala mkingamo. Apelekwe akapasuliwe, tena upesi.”

Wakampigia muuguzi wa zahanati. Akasema gari la wagonjwa litawangoja barabara kuu. Kufika kwao haliwezi, mvua imeondoka na daraja la magogo. Wamlete amelala. Wasithubutu kumpakia kwenye bodaboda, atapasuka huko ndani.

Priscila akampigia Rogasian. Simu iliita sana. Ilipopokelewa akasikia ngoma, vigelegele, na Rogasian akihema.

“Bwana asifiwe, dada Priscila! Moto unawaka huku! Umati hauhesabiki!”

“Machela iko wapi?”

“Ipo hapa mbele ya watu, utukufu kwa Mungu. Tunaonyesha huduma. Mzee Malongo amejitolea kulala juu yake, tunapiga picha.”

“Mzee Malongo anaumwa nini?”

“Haumwi, dada, ni mfano tu.”

Yapo maneno ambayo Priscila alikuwa ameyaacha mtumbwini siku alipookoka. Yalirudi yote, tena yamenona.

“Mfano! Mkamwana wangu mtoto amemkwama tumboni, na wewe kinyago cha suti umemlaza mzee mzima kwenye kitanda cha wagonjwa umpige picha? Nyie ni kanisa au ni studio? Mjinga uliyezaliwa na wajinga, ukabatizwa na wajinga, nani alikwambia watu wa Nyantakara hawaoni upumbavu huo? Kule ni tambarare, kila nyumba ina mkokoteni na ng'ombe wawili wa kuuvuta! Machela ya nini kule?”

Hapo akasikia kitu cha ajabu: sauti yake mwenyewe ikimrudia kwa nyuma, kubwa, yenye mwangwi. Rogasian, kwa haraka ya kuwaonyesha watu kwamba hata Ntobeye wanafuatilia, alikuwa ameisogeza simu karibu na kipaza sauti. Nyantakara yote ilikuwa imemsikia. Ngoma zilinyamaza. Kisha ikaja sauti ya mzee, nzito, ya Kisukuma, isiyo na haraka.

“Kijana. Nifungue hii mikanda.”

“Mzee Malongo, kidogo tu, picha ya mwisho...”

“Nasema nifungue. Kuna mwanamke anakufa, mimi nimelala hapa na afya yangu kama mpumbavu? Mama uliyeko kwenye simu, unanisikia?”

“Nakusikia, baba. Shikamoo.”

“Marahaba. Sisi tuko mbali, hatuwezi kukusaidia kitu. Tafuta wanaume wa hapo hapo kwenu. Hawa walioko huku nitawaadabisha mimi.”

Simu ikakatika. Priscila akaitazama, akatazama kilima, na hasira ikawa haina pa kwenda isipokuwa mahali pamoja ambapo hakutaka kwenda: kwa Idefonsi.

Idefonsi ndiye mkuu wa chama cha ingobyi. Mkatoliki, mnywaji wa wazi, mtu ambaye Priscila alimhubiria mara nyingi na kila mara akamjibu kwa kumkaribisha kigoda. Alimkuta anakata majani ya mgomba. Njiani alikuwa ameyaandaa matusi ya kumjibu akikataa, kwa maana alijua atakataa. Sheria ni sheria, na yeye ndiye aliyezichomoa nyumba saba kutoka chamani.

“Karibu, Mama Kwizera. Leo umekuja kunitoa pepo gani?”

“Usinichezee, Idefonsi! Kama unakataa kataa sasa hivi nijue, nisipoteze muda wangu na harufu ya mdomo wako!”

“Nimekataa nini? Hata hujaomba.”

“Zita. Mtoto amelala mkingamo.”

Idefonsi akadondosha panga chini. Hakusema neno juu ya sheria, na hilo lilimkasirisha Priscila kuliko kama angesema, kwa sababu matusi yake mazuri yote yalibaki mdomoni.

“Ingobyi iko darini,” alisema Idefonsi, akivuta ngazi. “Ni nzima, na miti yake mizima. Watu ndio sina. Tumebaki watano, bila kumhesabu mwenye ngiri. Kile kilima cha kijitoni kinataka mabega manane ya kupokezana, la sivyo tutamwangusha. Nyie mlichukua mabega saba mkayapeleka kuimba kwaya.”

“Wanne wameondoka na fuso.”

“Na watatu?”

Priscila alikuwa ameshageuka, khanga imefungwa kiunoni kama ya mtu anayekwenda kupigana, na kwa kweli ndiko alikokuwa akienda.

Kanisani aliwakuta wale watatu wamepiga magoti, macho wamefumba, Shemasi Fabiani katikati. Walikuwa kwenye zamu ya maombi kwa ajili ya Nyantakara. Priscila alisimama mlangoni mwanga ukazibwa.

“Inukeni. Zita anabebwa.”

Fabiani akafumbua jicho moja. “Bwana asifiwe, dada. Nani anambeba?”

“Ninyi. Na Idefonsi.”

Wakatazamana. Fabiani ni mtu mpole, mwenye kifua kipana ambacho hajawahi kukitumia kwa jambo lolote baya wala zuri. Alijikuna shingoni. “Dada, tuliapa hapa hapa madhabahuni.”

“Nani aliwaapisha?”

“Wewe.”

“Basi mimi nimewafungua.”

“Huna mamlaka hayo, dada. Kiapo ni cha Mungu. Tumpigie mwinjilisti kwanza, atuongoze. Halafu sisi hapa tutaingia kwenye maombi mazito kwa ajili ya Zita, na Mungu anaweza kumgeuza mtoto...”

Alipofika hapo Priscila alikuwa amemshika kola. Alikuwa mfupi kwake kwa kichwa kizima, lakini kola ilishuka.

“Sikiliza wewe. Mungu akitaka kumgeuza mtoto anajua njia ya kwangu, haombi ruhusa kwako. Wewe Mungu alikupa bega. Bega hili hapa! Alikupa la nini, la kutundikia koti? Usipotoka sasa hivi nitasimama mlangoni hapa, na kila anayepita nitamwambia Shemasi Fabiani alipiga magoti mkamwana wangu akifa. Nitamwambia mkeo. Nitamwambia mama mkwe wako! Nitasema kwenye mazishi, na kwenye yako pia nitasema!”

“Dada, angalau tumalize ombi.”

“Omba ukiwa umebeba.”

Wakatoka. Mmoja alisahau kiatu, akarudi, akatukanwa, akakiacha.

Zita alilazwa kwenye ingobyi, akafunikwa mablanketi mawili, Rozina upande mmoja, Priscila upande wa pili. Wanaume wanane, wanne chini ya miti na wanne nyuma wa kupokea. Idefonsi akawapanga: mlokole, mlevi, mlokole, mlevi, ili urefu ulingane, alisema, ingawa machoni mwake ulionekana uchokozi wa kufurahia. Fabiani akapangwa mbele sambamba naye.

“Karibu tena kazini, shemasi. Bega limelainika. Wimbo mnaokumbuka ni upi huko kwenu?”

“Mzee Idefonsi, naomba usinipulizie usoni.”

“Nimekunywa jana tu, mwanangu. Leo ni harufu ya ukumbusho.”

“Nyamazeni mtembee!” akafoka Priscila.

Wabebaji wa ingobyi hawanyamazi. Kimya humfanya mgonjwa aanze kusikiliza maumivu yake, kwa hiyo desturi ni kutupiana maneno mpaka mwisho wa safari. Wakatupiana. Wa chamani wakawauliza walokole kama mbinguni kuna milima, na atakayekuwa anabeba huko ni nani kama walevi wote wameachwa chini. Mlokole mmoja, yule wa kiatu kimoja, akajibu kwamba mbinguni hakuna wagonjwa. Akaambiwa basi wewe utakuwa huna kazi huko kama usivyo na kazi hapa. Hata Rozina akacheka. Fabiani alikuwa anaomba kwa pumzi za kukatika, jina la Zita na jina la Yesu na mara nyingine jina la bega lake.

Kijitoni maji yalikuwa ya hudhurungi, yamefika mapajani. Waliingia taratibu, miti imeinuliwa juu ya vichwa. Katikati Idefonsi akakanyaga jiwe lililogeuka. Akazama mpaka utosini. Ingobyi ikainama upande wake, Zita akapiga kelele, Rozina akapiga kelele, na uzito wote wa mbele ukalala juu ya Fabiani peke yake. Watu waliokuwa nyuma wanasema walisikia bega likilia. Hakuachia. Alisimama palepale macho yamemtoka kama ya chura, mishipa ya shingo imesimama, mpaka Idefonsi akaibuka akitema maji na kurudi chini ya mti.

“Uko?” aliuliza Idefonsi.

“Nipo,” alisema Fabiani. “Panda, panda, tusisimame.”

Priscila, maji yakiwa kiunoni, aliendelea kuwatukana wote wanane bila kubagua dini. Alimtukana Rogasian, alitukana fuso, alitukana wahandisi wa daraja na mvua iliyolichukua. Kutoka ndani ya mablanketi sauti ya Zita ikasikika, nyembamba.

“Mama, punguza. Mtoto atazaliwa anatukana.”

Hapo ndipo Priscila alipolia. Alilia kwa hasira, akipangusa machozi kwa kiganja kama anayejipiga makofi, na hakuacha kutembea. Alikuwa anamwona Alfonce akibebwa kwenye njia hii hii, na chini ya miti wakiwa ndugu hawa hawa, na baadaye wakinywa kwake na kumwimbia mpaka akalala. Watu hao ndio aliowapangia foleni ya kuwakana. Kwa nini? Kwa sababu kijana mwenye suti aliuliza swali kwa sauti nzuri! Angempata Rogasian pale kijitoni angemzamisha ubatizo wa pili, na huu usingekuwa wa haraka.

Gari lilikuwepo barabarani. Muuguzi alimtazama Zita, akamtazama dereva, wakaondoka na Priscila ndani. Wanaume wanane wakabaki ukingoni mwa barabara, wameloa, wamekaa kwenye nyasi bila mpangilio wa dini.

Zita alipasuliwa mchana huo. Mtoto alitoka wa buluu, akapigwapigwa, akakaa kimya muda ambao Priscila hapendi kuuzungumzia, kisha akalia. Msichana. Daktari alisema kwa ufupi, akivua glovu, kwamba wangechelewa kidogo zaidi angewapa habari nyingine. Kwizera akapigiwa simu Kahama, akalia mpaka wachimbaji wenzake wakamuuliza amefiwa na nani.

Simu iliyofuata ilikuwa ya Rogasian. Alisema wamesikia ushindi, na kwamba umati wa Nyantakara ulikuwa umeomba saa nzima. Akaomba picha ya mtoto. Alikuwa anawaandikia marafiki wa mbali jinsi huduma ya machela ya kanisa ilivyookoa maisha ya mama na mwana huko Ntobeye, kupitia Shemasi Fabiani.

“Machela ipi?” aliuliza Priscila.

“Dada, kwa maana ya jumla. Huduma ya kubeba.”

“Rogasian, ukiandika jina la mjukuu wangu kwenye uongo wako nitakuja nikuvue hiyo suti mbele ya waumini.”

Hakutuma picha. Kwa maana ya jumla, wala ya pekee.

Zita aliporudi nyumbani, Priscila alifukua ndizi zote zilizokuwa shimoni zikiivishwa, akautoa mtumbwi wa kukamulia aliokuwa akiwawekea kuku chakula, akausugua, akaanza kukamua ndizi kwa nyasi, mchana kweupe, uwanjani, kila mtu akiona. Nyumba iliyobebewa mtu huwapikia wabebaji. Hajui desturi nyingine. Mikono ilikuwa haijasahau. Povu lilipanda, harufu ikashuka kitongojini kote, na wazee waliokuwa wamelala wakaamka na kuuliza ni mwaka gani.

Habari ikafika kanisani haraka kuliko mahubiri. Rogasian akaja na wazee wa kanisa, na Fabiani kati yao, mkono wake wa kulia umefungwa kwa kitenge cha mkewe.

“Dada Priscila, hii ni nini?”

“Ndizi.”

“Unapika pombe? Mkuu wa idara? Mchana kweupe?”

“Ningepika usiku ungefurahi?”

“Sisi tuna njia nyingine ya kuwashukuru wale watu,” alisema Rogasian kwa upole wa kamera. “Tungewaalika kanisani, tukawapa zawadi, wakasikia Neno.”

“Wamesikia Neno miaka yote, mimi ndiye niliyewapelekea. Siku ile ndiyo mara ya kwanza kuona wameliamini, na wakaliamini kuliko wewe.” Alinyoosha mkono wenye povu, matone yakaruka kwenye suti. “Uliniuliza nira hii ni ya nani. Nami nilikuwa mjinga, sikukujibu. Nira ile ilikuwa ya Zita! Ilikuwa ya Alfonce! Siku ukivunjika mguu itakuwa ya kwako, na nitakuja mwenyewe kuhakikisha Idefonsi anakubeba, ulale pale juu ukinusa pumzi ya rubisi mpaka barabarani!”

Wazee walikohoa. Rogasian akasema hana budi. Kanisa lina taratibu. Priscila atawekwa chini ya nidhamu, ataketi benchi la nyuma, na idara atapewa mwingine.

“Nani?”

Rogasian akageuka kwa wazee. Wazee wakatazama migomba, kila mmoja mgomba wake. Kwa bibi mmoja aliyelala nyumba ya tatu kulikuwa na blanketi linalongoja kufuliwa, na wote walijua linavyonuka.

“Atapatikana,” alisema Rogasian.

“Akipatikana mpeni ndoo, iko pale. Mimi nitafua mpaka siku hiyo. Na hilo benchi la nyuma nimelipenda, liko karibu na mlango. Yowe la ingobyi likipigwa nitatoka wa kwanza, na mwanamume atakayekuwa kando yangu nitatoka naye, hata kama ni katikati ya ombi.”

“Shemasi, funga kwa maombi,” akasema Rogasian.

Fabiani akajaribu kuinua mkono kama ilivyo desturi yake. Haukuinuka. Akafumba macho, akaguna, akasema amina tupu bila ombi lolote mbele yake. Wazee wakaitikia, wakaondoka, suti ikitangulia ikiwa na madoa ya ndizi kifuani.

Fabiani alibaki. Alisimama akitazama mtumbwi.

“Mama Kwizera,” alisema. Miaka yote alikuwa akimwita dada. “Itaiva lini?”

“Keshokutwa. Kwani wewe unakunywa?”

“Sinywi. Nasema nitakuja kukaa tu. Nao.”

“Kukaa!” akafoka Priscila. “Umekaa miaka mingapi? Kazi iko hapa. Mkono mmoja si mzima? Chukua nyasi, kamua upande ule, na usiniombee ombee humu ndani, utaniharibia povu.”

Fabiani akavua viatu, akaviweka pamoja vizuri pembeni, akachuchumaa upande ule na kuingiza mkono wake wa kushoto kwenye ndizi.